Uzi: Miezi minne na ushei jangwani Arizona, watu watano na nyumba tatu za magurudumu

Mstaafu wa Maboksi (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Kwenye ule uzi wa upweke wa wazee ughaibuni niliahidi kuandika tulivyokaa Arizona msimu wa baridi wa 2022 kuingia 2023. Nimechelewa kwa sababu nilitaka mke wangu asome kwanza. Yeye ndiye aliyeshika daftari la matumizi.

Niko Minnesota mwaka wa ishirini na sita. Nilifika nikiwa na nguvu, theluji nikaiona kitu cha kupiga picha na kutuma Tanga. Nikabeba maboksi ghalani miaka tisa, kisha nikaendesha basi la shule mpaka nikastaafu. Mtu anayekwenda kazini haijui baridi sawasawa, anaikatiza tu kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa gari. Ukistaafu ndipo mnakutana uso kwa uso. Unaamka, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, mtaani hakuna mtu, na saa kumi na nusu jioni jua limeshazama. Rafiki yangu wa miaka mingi, mzee wa Lamu, alifiwa na mkewe mwaka 2020. Msimu wa baridi uliofuata alikaa siku kumi na moja bila kuvuka kizingiti chake. Nilipomwuliza mbona hakunipigia simu, akasema hakuwa na jambo la kuniambia. Safari yetu ilianzia kwenye jibu lile.

Kwa asiyeijua, RV ni gari lenye kitanda, jiko, choo na bafu ndani yake. Langu ni la 2004, la aina ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Nililinunua mkononi mwa mtu mwaka 2019 kwa dola 19,500. Mzee wa Lamu ana kigari kidogo cha mizigo alichokigeuza mwenyewe, kitanda kimoja na jiko la moto mmoja, choo hakuna. Majirani zetu, mume na mke wa Kakamega, wanavuta karavani kwa pikapu. Nyumba tatu, watu watano.

Tuliondoka Jumamosi tarehe 26 Novemba 2022, siku ya pili baada ya sikukuu ya Thanksgiving. Anayetazama ramani kwa haraka ataona njia fupi ni kushika barabara kuu ya I-40 hadi Flagstaff. Flagstaff iko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na theluji yake ni theluji kweli, hutaki kuivuka na gari la tani tano. Sisi tulishuka I-35 hadi Kansas City na Wichita, tukashika US 54 inayoikata Kansas mshazari: Liberal, Dalhart, Tucumcari, Carrizozo, mpaka Alamogordo. Pale tulipumzika siku nzima kuona White Sands, vilima vya jasi nyeupe ambavyo hata saa sita mchana havichomi unyayo. Kisha Las Cruces na I-10, na baada ya Tucson tukaikwepa Phoenix na foleni zake: I-8 hadi Gila Bend, barabara ya 85 hadi Buckeye, tukairudia I-10. Karibu maili 1,900, siku nane.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: ukitoka kaskazini wakati ule huna maji ya bomba. Mabomba yote ya gari hujazwa dawa ya pinki isiyoganda, kwa hiyo mnakunywa ya chupa, mnanawa kwa birika na choo mnakimwagia dawa hiyohiyo. Ndugu yetu wa Kakamega alichoka. Tulipofika Wichita jua lilikuwa zuri, akajaza tangi lake. Usiku ukaganda. Asubuhi kiungo cha pampu kimepasuka na maji yamefika chini ya zulia.

Liberal, Kansas, ndipo tulipogombana. Kutafuta kile kiungo kulikula nusu ya siku, naye akataka tuendeshe usiku tufidie. Mimi nikakataa kwa sauti ya juu, tena mbele ya mkewe. Kutoka pale hadi Tucumcari hatukusemezana. Wanawake ndio walioongea kwa simu za upepo. Tucumcari mzee wa Lamu akachemsha chai ya tangawizi, akatuita, akasema hataki kusikia nani ana haki, kila mmoja aseme anaogopa nini. Nikasema macho yangu usiku hayaoni vizuri, na nina mke ndani ya gari. Yule ndugu akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema anaogopa kuwa yeye ndiye aliyewachelewesha wote na kwamba mwakani hatutamwita.

Miaka kumi na minne tumeishi nyumba zinazotazamana na sikuwahi kujua kwamba mtu yule ana hofu hiyo.

Sheria zetu zilizaliwa pale, juu ya chai ile, na ndizo ninazowapa kama urithi. Hakuna kuendesha baada ya magharibi. Aliyeharibikiwa hasemwi, anasaidiwa. Kila nyumba inalala kwake lakini chakula cha jioni ni sufuria moja, na nyama ya sufuria hiyo ni halali ili kila mkono ufike. Kibubu cha chakula ni dola 50 kwa wiki kila wawili, na mzee aliye peke yake 25. Mafuta ya gari, gesi na matengenezo kila mtu yake. Na asubuhi hakuna kubisha mlango wa mwenzako mpaka aufungue mwenyewe. Watu wakisema wanataka kusafiri na marafiki hufikiria vituko na picha. Mimi nawaambia fikirieni kwanza ule mlango.

Tulikokwenda panaitwa Quartzsite, mji mdogo pale I-10 inapokutana na US 95, maili 20 hivi kabla ya kuvuka mto Colorado kuingia California. Kusini ya mji kuna ardhi ya serikali, La Posa, chini ya idara ya ardhi ya shirikisho, BLM. Kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili unapewa kibali cha msimu mzima. Tulilipa dola 180 kwa gari, na kulikuwa na kibali cha siku 14 kwa dola 40. Hakuna viwanja vilivyochorwa wala nyaya za umeme, unachagua mahali mwenyewe, ila mwache futi 15 kati ya nyumba na nyumba. Kuna mahali pa kujaza maji, pa kumwaga tangi la choo na pa kutupa takataka. Nje ya La Posa kuna maeneo ya bure kama Scaddan Wash na Plomosa Road, ambako mwisho ni siku 14 kisha unahama. Mchana wa Januari huwa nyuzi 19 au 20, usiku 4 au 5. Januari hiyo pia kuna maonyesho ya RV na magulio ya mawe na vito, na jangwa lililokuwa kimya linajaa taa hadi mwisho wa macho. Kambi yetu ilikuwa chini ya mti wa palo verde, mlango wa kila gari ukiangalia katikati.

Sasa kuhusu mtu mmoja aliyezikwa pale mjini. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, mwelewe nilivyojisikia nilipoona kaburi lenye umbo la piramidi na juu yake ngamia wa shaba. Ni kaburi la Haji Ali. Jeshi la Marekani lilileta ngamia kupitia Indianola, Texas, mwaka 1856 ili kubeba mizigo jangwani, na yeye alikuwa mmoja wa watu walioletwa kuwachunga, kutoka dola ya Waturuki. Waamerika jina likawashinda, wakamwita Hi Jolly, na hadi leo kibao kinasema hivyo. Ngamia walizijua kazi zao, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mpango ukafa. Yeye alibaki. Alichukua uraia 1880 kwa jina la Philip Tedro, akafa hapo Quartzsite Desemba 1902. Piramidi ilijengwa 1935. Mzee wa Lamu alisimama mbele yake, akamwita kwa jina lake, Haji Ali, akamsomea Fatiha. Tangu siku hiyo kila Ijumaa alikuwa anatembea kwenda pale. Mtu ambaye miaka miwili nyuma hakuvuka kizingiti.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyojua.

---

Binti Chumbageni

Shikamoo baba. Nimesoma mara mbili, la Fatiha limenitoa machozi. Naomba kujua umeme na joto la usiku mlipataje, maana nyuzi 4 kwetu sisi ni baridi ya kufa mtu.

---

Mstaafu wa Maboksi

Marahaba mwanangu. Mimi nina sola ya wati 400 juu ya paa na betri mbili za lithiamu. Jua la kule halina mchezo hata Januari, saa saba mchana betri zimeshajaa. Taa, simu, pampu ya maji na feni vinatosheka. Intaneti mke wa Kakamega alikuwa na Starlink, tukawa tunachangia.

Joto ndilo lenye fundisho. Haita ya gari inachoma gesi ya propani, lakini ina feni inayosukuma hewa, na feni ile inakunywa betri usiku kucha. Msimu wetu wa kwanza, nikiwa bado na betri za zamani, saa tisa usiku kila kitu kilizimika. Baada ya hapo tulijifunza kuwasha nusu saa kabla ya kulala na nusu saa alfajiri, katikati ni mablanketi.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna jirani yetu mmoja, mtu wa kwetu, aliingiza jiko la mkaa ndani ya karavani akiwa amefungua dirisha kidogo. King'ora cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya mkaa, kililia tukakisikia hadi kwetu. Walitoka wanayumba, mungu aliwaponya. Sisi tumekua na majiko, tumezika watu kwa ajili ya majiko, halafu tukifika ughaibuni tunadhani gari lina mianya ya kutosha. Halina. Mkaa ni nje tu, na king'ora kipimwe kila wiki. Kikiwa cha zamani, nunua kipya kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Jenereta inaruhusiwa, ila saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya.

---

Mkamba wa Dallas

Mzee, shukran sana kwa hii uzi. Mimi niko na maswali mawili. Ya kwanza ni pesa, jumla ilikula ngapi? Ya pili, nyumba yenu ya Minnesota mliiacha na nani? Huku ukiacha nyumba baridi ikaingia kwa mabomba, ukirudi unapata dimbwi.

---

Mstaafu wa Maboksi

Karibu ndugu. Kutoka daftarini, kwa gari letu sisi wawili: petroli ya kwenda kama dola 710, gari linakwenda maili 9 kwa galoni. Kurudi karibu sawa. Kibali 180. Gesi ya propani kati ya 40 na 55 kwa mwezi. Chakula ni kile kibubu. Kufua na kuoga kwa maji mengi mjini mara moja kwa wiki. Tairi moja lilipasuka nje ya Deming, 230 na fundi wake. Mke wangu anasema nikuambie pia kwamba tulivyokuwa Minnesota, gesi ya kupasha nyumba joto na umeme wa Januari peke yake vilikuwa vinatukaribia 300.

Nyumba tulifunga maji kwenye valvu kuu, tukafungua mifereji yote ikamaliza matone, tukaacha joto kwenye nyuzi 13. Kijana wa msikitini alikuwa anaingia kila Jumapili na kunipigia picha ya kipimo cha joto. Usisahau hilo, bima nyingi zinataka mtu aingie nyumba ikiwa tupu. Soma mkataba wako.

---

Dada wa Kivu

Mzee, heshima yako. Nasema neno langu bila ubaya.

Miye nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na miwili. Niliingia mtoto wa darasa la tatu, nikatoka na watoto wawili. Foleni ya maji, foleni ya mahindi, choo cha jumuiya, usiku unasikia kikohozi cha jirani kupitia turubai. Sasa nasoma hapa watu wenye nyumba nzuri za matofali wanaziacha kwa hiari, wanaenda jangwani kuishi kambini, wanaweka na picha. Hilo neno kambi linanichoma. Mume wangu anataka tununue hiki kitu, nimemkatalia. Nisaidieni kuelewa mnachokipata.

---

Mstaafu wa Maboksi

Dada yangu, nimekaa na maneno yako tangu asubuhi. Nimemsomea mke wangu na nimempigia mzee wa Lamu.

Sina haki ya kukwambia usahau. Mimi sikukaa kambini hata siku moja, neno lile nimelitumia kama mtu wa skauti anavyolitumia, na nakuomba radhi. Kuanzia hapa nitasema kituo.

Unaniuliza tunachokipata. Nitakujibu kwa kitu kimoja. Kule mtu anakuona. Nikifungua mlango saa moja asubuhi, mzee wa Lamu ameshakaa kwenye kiti chake na birika lake, ananyanyua mkono. Sijasema neno, sijapiga simu, lakini nimejulikana kwamba nimeamka. Minnesota naweza kufa Jumatatu nikapatikana Ijumaa. Tanga nilikokulia hilo haliwezekani, na Bukavu naamini haliwezekani. Tofauti na ulikopita wewe ni kwamba sisi ufunguo tulikuwa nao mfukoni. Siku tuliyotaka kuondoka tungeondoka. Najua tofauti hiyo ni kubwa kuliko jangwa lenyewe.

Ukimkatalia mume wako, una sababu. Mwambie na hiyo ya Nyarugusu kama hujamwambia yote.

---

Muuguzi wa Zamu

Nimesimama hapa kwa Dada wa Kivu kwanza. Pole na asante kwa kusema.

Niongeze la afya kwa wazee wanaopanga safari. Walio na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ile ya asili, wanatibiwa jimbo lolote kwa daktari anayeipokea. Walio kwenye zile za kampuni, Medicare Advantage, nyingi zina mtandao wa madaktari wa eneo lenu, nje ya hapo ni dharura tu. Nimeona mgonjwa wa kisukari amekwama mbali na kwao kwa sababu hiyo. Pigeni simu kabla ya Oktoba kuisha, maana dirisha la kubadilisha ni 15 Oktoba hadi 7 Desemba. Insulini isiachwe ndani ya gari lililofungwa mchana, hata msimu wa baridi. Mzee, hospitali ilikuwa umbali gani?

---

Mstaafu wa Maboksi

Asante sana dada, hili la Oktoba ni muhimu. Hospitali tuliyoitumia iko Parker, maili 35 kaskazini. Mke wa Kakamega alipandwa na presha usiku, tulitumia dakika arobaini na tano kufika. Ndiyo maana nasema angalau gari moja dogo liwe tayari kuondoka bila kukunja meza na vitanda. Kigari cha mzee wa Lamu kilikuwa ndiyo ambulensi yetu.

Wengi pia huenda Los Algodones, Mexico, karibu na Yuma. Ni mji mdogo wenye madaktari wa meno kila hatua, unaacha gari upande wa Marekani unavuka kwa miguu. Mimi nilitengeneza meno mawili. Hakikisheni karatasi zenu za kurudi nazo. Na hata usipovuka mpaka, kuna vizuizi vya polisi wa mpakani ndani ya nchi, kwa mfano I-10 magharibi ya Las Cruces. Mwenye grini kadi, sheria inataka awe nayo mwilini, sio nakala kwenye simu.

---

Dereva wa Usiku

Mzee nisamehe kwa swali hili. Mimi napita Arizona na lori kila mwezi na silali popote bila kufunga milango mara mbili. Watu weusi watano katikati ya jangwa lililojaa wazee wa kizungu. Mlipokelewaje?

---

Mstaafu wa Maboksi

Swali ni halali kabisa na sisi tuliliongea kabla ya kuondoka. Wiki ya kwanza kulikuwa na macho. Mtu mmoja alipita polepole na gari lake mara tatu. Sijui nia yake na sitaki kumzulia. Siku ya nne mke wangu alikaanga mandazi akapeleka sahani kwa nyumba sita za karibu, kama ambavyo angefanya akihamia mtaa wowote Tanga. Sahani zilirudi na vitu: ndimu za Yuma, mbao, na mzee mmoja wa Saskatchewan, Kanada, alirudi na mtego wa panya. Panya wa jangwani wanatafuna nyaya za injini, akatufundisha kuacha boneti wazi usiku wasipate giza la kujificha. Huyo mpaka leo tunaandikiana.

Hata hivyo hatukulala tumetawanyika, na kwenye mapumziko ya barabarani tuliegesha magari matatu pamoja kila mara. Mandazi hayaondoi tahadhari.

---

Mwanaleeds

Kwa tulio Uingereza, jangwa letu ni Hispania na Moroko. Tangu tutoke Umoja wa Ulaya, mwenye pasipoti ya Uingereza anaruhusiwa siku 90 tu ndani ya kila 180 kwenye nchi za Ulaya za mkataba wa Schengen, kwa hiyo huwezi kumaliza baridi yote Hispania bila viza. Wengi wanashuka hadi Algeciras, wanapanda feri kwenda Tanger Med, wanamalizia Moroko kusini, halafu siku za huko hazihesabiki. Sisi tulikuwa wanne, gari mbili. Tuligombana juu ya mafuta, kwa sababu tulichanganya pesa zote. Ningeisoma sheria ya mzee mapema tungebaki marafiki wanne. Tumebaki watatu.

---

Mkaazi wa Maskati

Salaam alaykum. Huku kwetu Oman msimu huu ndio wa watu kwenda mchanga wa Sharqiya na mahema na karavani, kila Alhamisi ukoo mzima. Wazee wetu waliozaliwa Unguja hukaa pembeni ya moto wakasimulia karafuu. Nina swali kwa mzee wetu wa Lamu. Ramadhani ya 2023 iliwakuta wapi?

---

Mstaafu wa Maboksi

Wa alaykum salaam. Ilitukuta palepale La Posa. Machi wengi walikuwa wameshaondoka, mchana joto limepanda, na kituo chetu kilionekana kama kimesahauliwa. Nimempa mzee simu anijibie, ninaandika anavyosema.

Jioni ya tarehe 22 Machi kulikuwa na mawingu tangu mchana. Alisema tusitegemee simu, tupande kilima tutazame wenyewe kama alivyofanya na babake. Tulipanda wote watano, na wale wa Kakamega ambao ni Wakristo wa kanisa la Friends walipanda nasi, mama amebeba thermosi. Magharibi ikaingia, mawingu yakakatika upande wa California, na mwandamo ukaonekana, mwembamba, Mshtarii ukiwaka karibu yake. Mke wa Kakamega ndiye aliyeuona kwanza. Mzee anasema alikuwa hajautazama mwezi wa Ramadhani kwa macho yake tangu aondoke Lamu, kila mwaka alikuwa anaambiwa na simu.

Futari tulifungua kwa tende za Bard, ng'ambo ya mto kutoka Yuma. Ni za aina ya medjool. Aina hiyo ililetwa Marekani kutoka Moroko mwaka 1927, machipukizi 11. Kila jioni yule ndugu wa Kakamega ndiye aliyekuwa anaangalia saa na kumgongea mzee gari. Ile sheria ya kutogonga mlango waliifuta kwa mwezi ule.

Tuliondoka tarehe 10 Aprili, kibali kikiwa kimebakiza siku tano.

---

Dada wa Kivu

Mzee, aksanti kwa kunijibu vile ulinijibu. Nimemwambia bwana yangu yote, hata yale ya Nyarugusu ambayo alikuwa hajui. Tulikesha.

Niko na swali moja tu. Huyo mzee wa Lamu mwenye kigari bila choo, hapo La Posa walimruhusu vipi?

---

Mstaafu wa Maboksi

Wanaruhusu gari lisilo na choo mradi liegeshwe ndani ya futi 500 za vyoo vya pale, kama mita 150. Tulichagua ule mti wa palo verde kwa sababu hiyo, yeye akakaa upande wa vyoo na sisi tukamzunguka. Vyoo ni safi, na kila kimoja kina komeo lake la ndani.